Sensa na Nyaraka za Kikoloni kama Vyanzo vya Kufuatilia Nasaba za Familia zenye Asili ya Kijerumani katika Morogoro na Milima ya Uluguru

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kiasi ambacho sensa za zamani zinaweza kutumika kufuatilia nasaba za familia zilizotokana na wahamiaji wa Kijerumani katika Morogoro na milima ya Uluguru. Hoja kuu ni kwamba sensa za Tanganyika zilihesabu watu kwa mafungu lakini hazikuacha orodha za majina zilizo wazi kwa mtafiti. Kwa hiyo, sensa hutumika kama kipimo cha kuthibitisha au kukanusha dai, wala si chanzo cha kumtambua mtu mmoja mmoja. Kazi ya kumtambua mtu huangukia vyanzo vingine: rejista za vizazi na ndoa, vitabu vya ubatizo, nyaraka za ardhi, orodha za abiria wa meli na mafaili ya mali za maadui. Aidha, makala yanaonesha kwamba pale ambapo baba alikuwa Mjerumani na mama Mluguru, nyaraka za kikoloni zilimhifadhi baba na kumfuta mama, ilhali ukoo wa Kiluguru ulimhifadhi mama na kuliacha jina la baba likififia. Nasaba kamili hupatikana kwa kuvisoma vyanzo vya pande zote mbili kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Utafiti wa nasaba umepata nguvu mpya katika miongo ya karibuni kutokana na kuwekwa wazi kwa nyaraka nyingi katika intaneti. Katika nchi kadhaa, chanzo cha kwanza ambacho mtafiti hukiendea ni sensa. Nchini Marekani, sensa ya mwaka 1850 ilikuwa ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru katika kaya, na orodha za majina hufunguliwa baada ya miaka 72. Ndiyo sababu orodha za mwaka 1950 zilifunguliwa mwaka 2022. Nchini Uingereza, sensa za kuanzia mwaka 1841 zinasomeka kwa majina, na ile ya mwaka 1921 ilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka 2022. Mtu mwenye babu Mjerumani aliyehamia Pennsylvania anaweza kumfuata babu huyo kila baada ya miaka kumi, akaona umri wake, kazi yake, mkewe, watoto wake na mahali alipozaliwa.

Mazoea hayo yamezaa dhana kwamba njia hiyohiyo ipo kila mahali. Watu wenye asili ya Kijerumani waliozaliwa Morogoro, au ambao wazee wao waliishi huko, hutafuta "sensa ya zamani" wakitarajia kukuta jina. Kutolipata jina hilo huleta hitimisho la aina mbili, yote mawili yakiwa na kasoro. La kwanza ni kwamba mzee huyo hakuwepo. La pili ni kwamba, kwa kuwa nyaraka hazipo, simulizi yoyote ya familia inafaa kukubaliwa kama ilivyo. Hitimisho la kwanza huwanyima watu historia yao. La pili huwapa historia isiyo yao.

Suala hili si la udadisi mtupu. Nasaba inapotajwa mbele ya mamlaka, huambatana na madai ya uraia, mirathi, ardhi au haki ya kutambuliwa. Kwa hiyo, ni muhimu kubainisha ni jambo gani linaweza kuthibitishwa, kwa chanzo kipi, na kwa uzito gani.

2.0 Wajerumani katika Morogoro: Mawimbi Mawili ya Uhamiaji

Mji wa Morogoro ulikuwepo kabla ya utawala wa Kijerumani. Ulianzishwa na Kisabengo katika karne ya kumi na tisa, na baadaye ukatawaliwa na binti yake, Simbamwene. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamefika Bagamoyo mwaka 1868, walifungua misheni Morogoro mwaka 1882, yaani kabla ya Ujerumani kutangaza himaya yake katika eneo hilo mwaka 1885. Shirika hilo lilikuwa na makao makuu Ufaransa, lakini baadhi ya wamisionari wake walitoka Alsace, jimbo lililokuwa chini ya Ujerumani kuanzia mwaka 1871 hadi 1918. Kwa sababu hiyo, mtu mmoja angeweza kuandikwa Mfaransa katika nyaraka za shirika na Mjerumani katika hesabu za serikali. Hili ni onyo la kwanza kwa mtafiti: utaifa ulioandikwa katika hesabu ya kikoloni ni hali ya kisheria ya wakati ule, si ushahidi wa lugha wala wa asili ya kifamilia.

Wimbi la kwanza la walowezi lilipata msukumo kutokana na Reli ya Kati. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 na reli ikafika Morogoro mwaka 1907. Baada ya hapo, mashamba ya mpira, pamba na mkonge yalienea kandokando ya reli kuelekea Kilosa, na uchimbaji wa ulanga ukaendeshwa katika milima ya Uluguru. Wimbi hili lilivunjwa na Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya upande wa Uingereza yaliingia mjini Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, na majeshi ya Lettow-Vorbeck yakarudi nyuma kuelekea kusini. Baada ya vita, Wajerumani waliondolewa nchini na mali zao zikawekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Maadui, kisha zikauzwa.

Wimbi la pili lilianza mwaka 1925, Wajerumani waliporuhusiwa kurejea Tanganyika. Baadhi yao walikuwa walowezi wa zamani. Wengine walikuwa wageni kabisa. Wimbi hili nalo lilikatika mwaka 1939 kutokana na Vita Kuu ya Pili, ambapo wanaume wengi wa Kijerumani waliwekwa kizuizini. Baadhi yao walipelekwa nje ya nchi, ikiwemo kambi ya Andalusia nchini Afrika Kusini, na wanawake na watoto wengi wakarudishwa Ujerumani mwaka 1940.

Kutokana na historia hii, ni nadra kwa familia ya Kijerumani kuwa na mfululizo wa makazi usiokatika Morogoro kutoka mwaka 1907 hadi 1961. Dai la nasaba linalodokeza mfululizo huo, bila kueleza familia ilikuwa wapi kati ya mwaka 1920 na 1925 au kati ya mwaka 1940 na mwisho wa vita, linahitaji kuhojiwa kwa makini. Vilevile, si kila jina la Kizungu lililobaki katika makaburi na rejista za Morogoro ni la Kijerumani. Wagiriki walikuwa na mashamba ya mkonge katika ukanda huo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, Morogoro ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Baadhi ya Wapolandi walikuwa na majina ya ukoo yenye sura ya Kijerumani.

3.0 Sensa Zilihesabu Nini

3.1 Hesabu za utawala wa Kijerumani

Utawala wa Kijerumani ulichapisha kila mwaka takwimu za Wazungu waliokuwa katika koloni, zikipangwa kwa wilaya, utaifa, jinsia na kazi. Hesabu ya mwaka 1913 ilionesha Wazungu wapatao 5,300 katika Afrika Mashariki ya Kijerumani nzima, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa Wajerumani. Kwa upande wa Waafrika, zilikuwepo takwimu za makadirio tu, zilizotegemea maelezo ya maofisa wa wilaya na hesabu za kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898.

Thamani ya takwimu hizi kwa mtafiti wa nasaba iko katika udogo wa idadi. Pale ambapo Wajerumani wote wa koloni hawakufikia elfu tano, na wale wa wilaya moja walikuwa sehemu ndogo ya hao, orodha ya watu wanaoweza kuwa mzee anayetafutwa inakuwa fupi. Mtafiti anayejua kazi ya mtu huyo, kwa mfano mkulima, fundi wa reli au mmisionari, anaweza kuipunguza zaidi.

3.2 Sensa za utawala wa Kiingereza

Waingereza waliendesha sensa mwaka 1921, wakawahesabu Waafrika tena mwaka 1928, na kufanya sensa nyingine mwaka 1931. Katika sensa hizo, wasio Waafrika na Waafrika walihesabiwa kwa taratibu tofauti. Wasio Waafrika walijaza fomu za kaya; Waafrika walihesabiwa kupitia kwa majumbe na daftari za kodi. Sensa ya mwaka 1948 ndiyo ya kwanza kuwahesabu Waafrika kwa mpango wa kisasa, ikifuatiwa na ile ya mwaka 1957.

Mpangilio wa takwimu hizo unasimulia historia ya wimbi la pili. Mwaka 1921, Wazungu wote wa Tanganyika hawakufika 2,500, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wameondolewa. Mwaka 1931, Wazungu walizidi 8,000, na zaidi ya 2,000 kati yao walikuwa Wajerumani. Kwa hiyo, simulizi ya familia inayodai kwamba mzee wao Mjerumani alikuwa na shamba Morogoro mwaka 1921 inapingana na mwelekeo wa jumla wa takwimu. Haimaanishi kwamba simulizi ni ya uongo. Huenda mwaka umekosewa, au mtu huyo alikuwa Mswisi, Mholanzi au Mgiriki. Sensa hapa imefanya kazi yake halisi: haikumtaja mtu, lakini imeonesha mahali ambapo simulizi inahitaji kupimwa upya.

3.3 Sensa baada ya Uhuru

Sensa ya mwaka 1967, iliyohesabu watu 12,313,469 katika Tanzania nzima, ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Sensa za mwaka 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 hazikuuliza swali hilo. Uamuzi huo ulikwenda sambamba na siasa ya kujenga taifa moja, na umeheshimiwa hadi leo. Matokeo yake kwa utafiti wa nasaba ni kwamba watu wenye asili mchanganyiko hawaonekani tena kama fungu katika takwimu za taifa. Zaidi ya hayo, sheria za takwimu zinazuia kutolewa kwa taarifa zinazomtambulisha mtu binafsi, na Tanzania haina utaratibu wa kufungua fomu za kaya baada ya muda maalumu kama ilivyo Marekani na Uingereza.

3.4 Sensa za Ujerumani kwenyewe

Mtafiti anaweza kudhani kwamba kikwazo cha Tanganyika kitaondolewa na sensa za Ujerumani. Dhana hiyo nayo ina mipaka. Dola ya Ujerumani iliendesha sensa mwaka 1871, kisha kila baada ya miaka mitano kuanzia 1875 hadi 1910, lakini kwa sehemu kubwa fomu za kaya hazikuhifadhiwa baada ya majumlisho kukamilika. Yapo maeneo machache yenye bahati, hasa Mecklenburg-Schwerin, ambako orodha za mwaka 1819, 1867 na 1900 zimesalia, na Schleswig-Holstein, ambako sensa kadhaa za kipindi cha utawala wa Denmark zinasomeka kwa majina. Kwa mzee aliyetoka Bavaria au Saxony, sensa kwa kawaida si njia inayofika mbali.

4.0 Vyanzo Vinavyotaja Majina

Ikiwa sensa huhesabu bila kutaja, mtafiti hana budi kutafuta nyaraka zilizotengenezwa kwa lengo jingine, ambazo ndani yake mtu alilazimika kujitambulisha.

Kundi la kwanza ni rejista za vizazi, ndoa na vifo. Katika Dola ya Ujerumani, usajili wa kiraia ulianza kutumika kote tarehe 1 Januari 1876. Katika Prussia ulianza mwaka 1874. Katika koloni, ofisi za wilaya zilisajili matukio ya Wazungu, na baadhi ya rejista hizo zimehifadhiwa Berlin. Chini ya Waingereza, usajili wa vizazi na vifo uliwekewa sheria mwaka 1920. Uliwabana Wazungu na Waasia, wakati Waafrika wengi walibaki nje ya ulazima huo. Nchini Tanzania, jukumu hilo leo liko chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA).

Kundi la pili ni vitabu vya ubatizo na ndoa vya misheni. Vitabu vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini na kwa mpangilio mmoja: jina la mbatizwa, tarehe, wazazi, wasimamizi na padri. Umuhimu wake katika Uluguru ni mkubwa kwa kuwa viliwaandika Waafrika na Wazungu katika utaratibu mmoja wa kidini wakati ambapo serikali iliwatenga. Hata hivyo, mtafiti anapaswa kujua kwamba Kilatini hubadili majina: Johann huwa Joannes, Karl huwa Carolus, na Wilhelm huwa Gulielmus.

Kundi la tatu ni nyaraka za utawala. Mafaili ya Kijerumani yaliyobaki nchini yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na orodha yake ilichapishwa na Franz na Geissler mwaka 1973. Humo kuna mafaili ya ardhi, mashamba, mahakama na mirathi. Mafaili ya Wizara ya Makoloni ya Ujerumani yamo katika Nyaraka za Shirikisho huko Berlin. Gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililochapishwa kuanzia mwaka 1899 hadi 1916, lina matangazo ya kibiashara na ya kifamilia. Kwa kipindi cha baada ya vita, nyaraka za Msimamizi wa Mali za Maadui zina thamani ya pekee: ili kuuza shamba, ilikuwa lazima kuandika mwenye shamba alikuwa nani.

Kundi la nne ni orodha za abiria wa bandari ya Hamburg, zinazohusu kipindi cha mwaka 1850 hadi 1934, pamoja na pengo la miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoanzishwa mwaka 1890, ilisafirisha abiria kutoka Hamburg hadi pwani ya Afrika Mashariki. Orodha hizo huandika jina, umri, kazi na, jambo muhimu zaidi, mahali abiria alipokuwa akiishi kabla ya safari. Taarifa hiyo ya mwisho ndiyo daraja kati ya Morogoro na kijiji cha Ulaya. Bila kujua kijiji au mji, mtafiti hawezi kujua ni kitabu gani cha kanisa au ofisi gani ya usajili aiendee.

Vyanzo vyote hivi vinakabiliwa na tatizo la maandishi. Nyaraka za Kijerumani za wakati ule ziliandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi bila mafunzo. Jina Müller huweza kuonekana kama Mueller katika faili la Kiingereza na Muller katika kitabu cha misheni. Isitoshe, wenyeji waliwapa Wazungu majina ya utani. Carl Peters alijulikana kama Mkono wa Damu, na Tom von Prince kama Bwana Sakarani. Familia inayokumbuka jina la utani tu la mzee wake imehifadhi ushahidi wa kweli, lakini ushahidi huo haupatikani katika faharasa yoyote ya nyaraka mpaka uhusishwe na shamba, mwaka au mwajiriwa anayejulikana.

5.0 Watoto Waliokuwa Nje ya Orodha

Sehemu ngumu zaidi ya suala hili inahusu watoto waliozaliwa na baba Mjerumani na mama Mwafrika. Mwaka 1906, utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani uliwazuia maofisa wake kufungisha ndoa za aina hiyo. Matokeo yake ni kwamba uhusiano ambao kwa mila ya wenyeji ulikuwa ndoa, penye mahari na mashahidi, kwa sheria ya Kijerumani haukuwa chochote. Mtoto wa uhusiano huo alihesabiwa kuwa wa nje ya ndoa. Sheria ya uraia ya mwaka 1913 ilimpa uraia wa baba mtoto wa ndoa. Mtoto wa nje ya ndoa wa baba Mjerumani hakuupata isipokuwa baba amhalalishe kisheria.

Athari za kanuni hiyo hazikuisha na ukoloni. Mahakama za Ujerumani zilikataa dai la uraia la mjukuu wa daktari Mjerumani aliyefanya kazi Togo, kwa msingi kwamba ndoa ya kimila ya babu yake haikuwa ndoa mbele ya sheria ya Ujerumani. Kikwazo kwa watoto wa nje ya ndoa wa baba Mjerumani kilianza kuondolewa kwa waliozaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 1993, na marekebisho ya mwaka 2021 yaliwapa nafasi ya kutoa tamko baadhi ya waliozaliwa baada ya Sheria ya Msingi kuanza kutumika mwaka 1949. Kizazi cha kwanza cha kikoloni kilibaki nje. Kwa hiyo, kukosekana kwa jina la mtoto katika rejista ya Kijerumani hakuthibitishi kwamba baba hakuwa Mjerumani. Kunathibitisha tu kwamba sheria haikumtambua mtoto.

Upande wa pili wa nasaba una mantiki tofauti kabisa. Waluguru hufuata ukoo wa mama. Kama walivyoonesha Young na Fosbrooke (1960), ardhi ya Uluguru ilishikwa na koo na milango yake, na mamlaka ndani ya mlango yalikuwa ya wajomba na si ya baba. Mtoto wa mwanamke wa Kiluguru alikuwa mwana wa ukoo wa mama yake tangu siku ya kuzaliwa, awe baba yake ni jirani wa bonde la pili au mgeni kutoka Hamburg. Haki yake ya kulima haikutegemea kukiriwa na baba.

Tofauti hii ina matokeo mawili kwa utafiti. Kwanza, katika Uluguru, mama wa mtoto chotara si "mwanamke mwenyeji asiyejulikana" kama alivyoachwa katika nyaraka nyingi za kikoloni. Ana jina, ana ukoo, ana kaka aliyemsimamia, na ana ardhi inayoweza kuoneshwa. Pili, pengo liko upande wa baba. Kwa Waluguru, ukoo wa baba haukuwa bure: jina la mtu hubeba kumbukumbu ya ukoo huo, na watu wa upande wa baba wana nafasi yao katika mambo ya ukoo. Mtoto wa baba Mjerumani alikuwa na ardhi lakini hakuwa na ukoo wa baba wa kumwitia jina. Hivyo, jina la Kijerumani lililobaki katika familia, hata likiwa limepinda kimatamshi, linaweza kueleweka kuwa lilijaza nafasi hiyo tupu. Kwa mtafiti, jina hilo si pambo. Ni mabaki ya ushahidi.

Inafuata kwamba mtafiti anayetumia nyaraka za Kijerumani peke yake atamfuta mama kwa mara ya pili, na anayetumia simulizi za ukoo peke yake hatamfikia baba. Vyanzo hivi viwili havipingani. Kila kimoja kimehifadhi kile ambacho kingine hakikuwa na sababu ya kukihifadhi.

6.0 Utaratibu Unaopendekezwa

Ili kuonesha namna vyanzo hivi vinavyoweza kuunganishwa, uchukuliwe mfano wa kufikirika wa familia ya Uluguru inayosimulia kwamba bibi yao alizaa na Mjerumani aliyekuwa na shamba karibu na reli "kabla ya vita".

Hatua ya kwanza ni kukusanya simulizi kabla ya kufungua faili lolote. Wazee wa upande wa mama waulizwe ukoo wa bibi, mahali pa shamba lao, majina ya kaka zake, jina la utani la Mjerumani, na tukio linalofungamana na kuzaliwa kwa mtoto. Hatua ya pili ni kuamua ni vita ipi. Neno "kabla ya vita" laweza kumaanisha kabla ya 1914 au kabla ya 1939, na jibu hubadili nyaraka zote zinazofuata. Umri wa watoto na wajukuu wa bibi kwa kawaida hutosha kuamua.

Hatua ya tatu ni kuipima simulizi kwa sensa. Ikiwa kipindi ni miaka ya 1910, takwimu za wilaya huonesha ukubwa wa jamii ya Wajerumani na kazi zao. Izingatiwe kwamba mipaka ya wilaya ilibadilika: chini ya Waingereza, Morogoro na Kilosa zilikuwa wilaya mbili, hivyo shamba lililotajwa kuwa "la Morogoro" laweza kuwa katika takwimu za Kilosa. Hatua ya nne ni kutafuta shamba kabla ya mtu. Ardhi huacha karatasi nyingi kuliko mapenzi: mkataba, ramani, kodi, mnada. Akishapatikana mwenye shamba, mtafiti huwa na jina la ukoo lililoandikwa kwa Kijerumani.

Hatua ya tano ni vitabu vya ubatizo vya misheni iliyo jirani na makazi ya mama, vikisomwa kwa miaka michache kabla na baada ya mwaka unaokadiriwa. Hatua ya sita ni orodha za abiria, na kutoka hapo hadi kitabu cha kanisa au ofisi ya usajili ya mahali alipotoka. Hatua ya saba, na ambayo mara nyingi husahaulika, ni kupanga kila kiungo cha nasaba kwa uzito wake: kilichothibitishwa na waraka wa wakati husika, kinachoungwa mkono na vyanzo viwili visivyotegemeana, na kinachotegemea simulizi moja. Kiungo dhaifu kikiandikwa kuwa ni dhaifu, nasaba haiharibiki. Huharibika pale ambapo uwezekano unaandikwa kama uhakika, kwa sababu mtafiti wa baadaye atajenga juu yake bila kujua.

Kipimo cha vinasaba kinaweza kusaidia katika hatua ya mwisho, hasa ikiwa kuna jamaa upande wa Ujerumani aliye tayari kulinganishwa. Hata hivyo, kipimo hicho huonesha undugu bila kutaja jina la babu, na matumizi yake yanadai ridhaa ya wahusika wa pande zote. Zipo familia ambazo hazijapata kuambiwa kwamba babu yao aliacha mtoto Afrika, na zipo familia za Uluguru ambamo habari hiyo ilifichwa kwa makusudi ili kumlinda mtoto na maneno ya watu. Mtafiti ana wajibu kwa wote.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba sensa za zamani, ambazo kwingineko ni mlango mkuu wa utafiti wa nasaba, katika Morogoro na Uluguru hutumika vyema zaidi kama mizani ya kupimia simulizi. Sensa za Kijerumani na Kiingereza zilitengenezwa ili kujua idadi ya watu kwa rangi, utaifa na kazi, na mafungu hayo yenyewe ni sehemu ya historia inayopaswa kuchunguzwa. Majina yamo katika nyaraka za ardhi, misheni, meli na mali zilizotaifishwa, na pia katika kumbukumbu za koo.

Yapo mambo mawili yanayohitaji kufanywa mapema. Vitabu vya misheni na mafaili ya Kijerumani yapigwe picha za kidijitali, huku vijana wakifundishwa kuusoma mwandiko wa kale wa Kijerumani, ili utafiti huu usibaki mikononi mwa wageni. Sambamba na hilo, wazee wa koo za Uluguru wahojiwe sasa. Karatasi iliyomo Berlin itaendelea kuwepo miaka mingi ijayo. Mzee anayejua ni mlango upi wa ukoo uliomlea mtoto wa Mjerumani, na kwa nini alipewa jina alilopewa, hana muda huo. Akiondoka, faili litabaki na jina la baba, lakini hatapatikana tena wa kueleza mtoto alikuwa wa nani.